Safari ya Masasi na Newala, na Habari za Masihi

Mwezi wa Muharamu, mwanzo wa mwaka 1447 wa Hijra, Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda kuwazuru ndugu zetu walioko Masasi na Newala, katika mkoa wa Mtwara, kwa mwaliko wa walimu wenzetu wa vyuo vya Kurani wa huko. Wasomaji wetu wengi huijua nchi ile kwa korosho na kwa vinyago vya Kimakonde tu, na wengine hawajui hata upande iliko. Kwa hiyo tumeona inafaa tuandike machache tuliyoyaona, na hasa swali moja tuliloulizwa, ambalo lilitushughulisha kuliko vumbi la njia.

Tulitoka Lindi baada ya sala ya Alfajiri. Penye Mnazi Mmoja ndipo njia zinapoachana: mmoja huenda Mtwara, na mwingine hufuata bonde la mto Lukuledi kuelekea magharibi. Tukashika huo wa magharibi, tukapita Mtama, kisha Nyangao, kisha Ndanda. Katika bonde hilo haupiti mji usione msikiti wa bati na kanisa la matofali, mara nyingine vikitazamana kama jirani wawili waliozoeana. Nyangao na Ndanda ni misheni za mapadri wa Kibenediktini waliotoka Ujerumani. Nyangao ilichomwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na Ndanda ikaanzishwa mwaka uliofuata.

Masasi huijua kabla hujafika. Majabali makubwa meusi yamesimama peke yake juu ya nchi tambarare, moja huku na moja kule, na mji umelala chini yake. Hapo ndipo, mwezi wa Novemba 1876, alipofika Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza ya Unguja pamoja na watumwa walioachwa huru. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu nyuma, mwaka 1873, na wengi wa watu hao asili yao ilikuwa upande wa ziwa Nyasa. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao, lakini walipoiona Masasi, yenye maji na ardhi nzuri, wakataka kukaa papo hapo. Askofu akawapa ardhi, akarudi Unguja. Basi mji ule ulianza na watu waliovuliwa minyororo, nao walikuja na lugha ya Kiswahili na dini mpya, wakati ambapo Uislamu nao ulikuwa umeanza kupanda kutoka Lindi na Mikindani pamoja na misafara ya biashara.

Tumetaja jambo hilo kwa sababu linahusu jina ambalo ndilo shabaha ya makala haya. Steere alikuwa bingwa wa Kiswahili, na Agano Jipya alilolifasiri lilipigwa chapa mwaka 1883, baada ya kufa kwake. Jina lililoandikwa juu ya kitabu hicho si Yesu Kristo kama Wakristo wa leo wasemavyo, bali ni Isa Masiya. Askofu alilichukua jina kama alivyolisikia Unguja vinywani mwa Waislamu, kwani huko ndiko alikojifunzia lugha, na miongoni mwa aliokuwa akijadiliana nao juu ya dini ni Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni mashuhuri aliyezaliwa Barawa na kuwa kadhi Unguja. Wakristo wa kwanza wa Masasi, basi, walimwita nabii huyo kwa jina lile lile tulilofundishwa sisi katika msahafu. Baadaye makanisa yalipopatana juu ya tafsiri moja, jina la Yesu Kristo likashinda, na vijana wa leo, Waislamu kwa Wakristo, hudhani majina hayo ni ya watu wawili mbalimbali.

Mwenyeji wetu wa Masasi alikuwa mzee wa Kiyao mwenye watoto sita. Mkewe ni Mmakua, na ndugu wa tumbo moja wa mkewe ni mwalimu wa dini katika kanisa. Msomaji wa Unguja au Mombasa huenda akashangaa, lakini Masasi jambo hili ni la kawaida kabisa. Jamaa wa ukoo mmoja watakuwa nusu msikitini na nusu kanisani, na msiba ukitokea wote huchimba kaburi pamoja.

Usiku ule, baada ya chakula, mzee akamwita binti yake mwenye umri wa miaka kumi na minne hivi, akasema, "Maalim, huyu ametufedhehesha. Mjomba wake kamnunulia sare za shule ya sekondari, viatu na madaftari, naye kavikataa." Tukamwuliza binti sababu. Kwanza alinyamaza, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo, maalim. Niliambiwa chuoni kwamba mjomba anamwabudu Masihi, na Masihi ni jina la ukafiri, na mwenye kula cha mtu huyo naye anashiriki." Aliyemwambia hayo alikuwa mwalimu kijana aliyepita huko kwa miezi michache. Mama mtu alikuwa amekaa mlangoni na uso ameuinamisha.

Wasomaji wetu waelewe uzito wa jambo hili. Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ni nguzo ya nyumba. Walii wa nikaha kwetu ni baba, hilo halina mjadala. Lakini mjomba aliyekataliwa zawadi yake na mpwa wake amevunjiwa heshima mbele ya ukoo mzima, na dada yake ndiye atakayeulizwa. Huyu mama alikuwa hajaenda kwa nduguye tangu mwezi wa Januari, shule zilipofunguliwa.

Tukamwambia binti asome tahiyatu. Akaisoma vizuri, mpaka ile dua ya mwisho ambayo kwayo mwenye kusali hujikinga na adhabu ya moto, adhabu ya kaburi, mitihani ya uhai na ya mauti, na mtihani wa al-Masih ad-Dajjal. Tukamwuliza, "Umesema jina gani hapo?" Akashtuka. Jina ambalo ameambiwa ni la ukafiri amekuwa akilitamka katika sala zake tangu alipofunzwa kusali. Hapo, ni kweli, linatajwa kwa yule mwongo mkubwa na si kwa Nabii Isa. Lakini tukamfungulia Surat Aal Imran, aya ya 45, ambapo malaika wanampa Bibi Maryamu habari njema, na jina la mtoto ni Al-Masih Isa mwana wa Maryamu. Jina Al-Masih limetajwa katika Kurani mara 11, na kila mara anayekusudiwa ni Isa, amani iwe juu yake. Mwenye kulitupa jina hilo ametupa neno la Mola wake.

Kisha ikatulazimu kueleza kwa urefu, kwani nyumba nzima ilikuwa imekusanyika. Yale tuliyoyasema tunayaandika hapa, pamoja na ziada kidogo.

Neno lenyewe ni la kale kuliko dini zote mbili zilizomo Masasi. Kwa Kiebrania maana yake ni aliyepakwa mafuta. Wana wa Israili walipomtawaza mfalme, nabii alimmiminia mafuta kichwani. Hivyo ndivyo, kwa mujibu wa vitabu vyao, Samweli alivyomfanyia Taluti na baada yake Daudi. Kila mfalme wa namna hiyo alikuwa masihi. Hata Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyewaachia Mayahudi warudi kwao kutoka Babeli, ameitwa kwa jina hilo katika kitabu cha Isaya, naye hakuwa Myahudi. Baadaye ufalme ulipovunjika, Mayahudi wakaanza kumtazamia masihi mmoja, mfalme wa kizazi cha Daudi, atakayewakusanya waliotawanyika na kusimamisha haki. Musa bin Maymun, mwanachuoni wao mkubwa aliyekuwa tabibu katika nyumba ya utawala wa Misri zama za Salahuddin, akafa mwaka 1204, aliihesabu imani hiyo miongoni mwa misingi 13 ya dini yao. Hata leo humwomba Mungu juu yake katika sala zao za kila siku. Wala Mayahudi hawako mbali kama tunavyodhani: karibu na Mbale, nchini Uganda, iko jamii ya Waafrika wanaoishika dini hiyo, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao wanangoja vile vile.

Kwa Wakristo, kungoja huko kumekwisha nusu. Wao wasema kwamba Masihi, ambaye kwa Kiyunani huitwa Kristo, naye maana yake ni mpakwa mafuta, alikwisha kuja, naye ni Isa. Kwamba alisulubiwa kwa ajili ya dhambi za watu, akafufuka, na atarudi kuhukumu. Tena wasema yeye ni Mwana wa Mungu. Kabla ya Krismasi wana majuma manne wanayoyaita Majilio, ambayo ndani yake hukumbuka kuja kwake kwa kwanza na kungoja kuja kwake kwa pili. Mjomba wa binti huyo ndiye awafundishaye watoto wa kanisa habari hizo.

Sisi twaamini kwamba Isa ndiye Masihi, wala hakuna mwingine. Hapo tumeachana na Mayahudi, waliomkataa. Twaamini amezaliwa na bikira, aliponya vipofu na wenye ukoma kwa idhini ya Mungu, hakuuawa wala hakusulubiwa, bali Mwenyezi Mungu alimpandisha kwake, kama ilivyo katika Surat Nnisaa, aya ya 157 na ya 158. Lakini ni mja na mtume. Katika sura hiyo hiyo imeelezwa kwamba Masihi mwenyewe haoni unyonge kuwa mja wa Mungu, na katika Surat Maida tunakumbushwa kwamba yeye na mama yake walikuwa wakila chakula kama watu wengine. Hapo tumeachana na Wakristo, na mpaka huo haufutiki kwa maneno matamu. Wanavyuoni wetu wamelifasiri jina lake kwa njia mbalimbali: wengine husema aliitwa Masihi kwa sababu aliwapangusa wagonjwa kwa mkono wake wakapona, wengine kwa sababu ya kutembea kwake katika nchi asiwe na makao. Na Dajjal kaitwa hivyo kwa sababu jicho lake moja limefutika.

Kuhusu kurudi kwake, imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba atateremka penye mnara mweupe upande wa mashariki wa Dameski, na atamwua Dajjal kwenye lango la Ludd, mji ulioko Palestina. Atahukumu kwa uadilifu, atavunja msalaba, na atasali nyuma ya imamu wa umma huu. Katika mapokezi ya Abu Dawud atakaa duniani miaka 40, kisha atakufa kama kila mtu afavyo, na Waislamu watamsalia. Ama Mahdi ni mtu mwingine, wa kizazi cha Bibi Fatma, wala asichanganywe na Masihi. Tuliona vijana wengi huko wakiwachanganya.

Binti akauliza, na hili ndilo swali tulilolitaja mwanzo: "Basi, maalim, Masihi wanayemngoja wao na tunayemngoja sisi ni mmoja au wawili?"

Tulinyamaza kidogo, kwani si swali la kujibiwa ovyo. Kisha tukasema kwamba mtu ni mmoja, mwana wa Maryamu, hana ndugu wa jina. Walilolisema juu yake ndilo lililotofautiana. Sisi twasema atakapokuja atawasuluhisha watu kwa kusema mwenyewe yeye ni nani. Mpaka siku hiyo, mjomba wako ana lake na wewe una lako, wala hukuamrishwa kulitupa lako ili upate viatu. Lakini viatu havina imani. Asma binti Abubakari alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kama aunge naye udugu, akaamrishwa auunge. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Ikiwa mama mwabudu masanamu hakukatwa, vipi atakatwa mjomba aliye katika watu wa Kitabu?

Asubuhi yake binti alivaa sare. Mama yake alikwisha kutoka kabla ya jua kuchomoza, amechukua kikapu cha mihogo mibichi, na tuliambiwa amekwenda kwa nduguye.

Siku ya tatu tukapanda Newala. Kutoka bondeni gari hupanda ukingo wa uwanda wa Makonde kwa kuzunguka, na ufikapo juu hewa hubadilika. Mwezi wa Julai kuna baridi ya kutaka shali. Udongo ni mchanga mwekundu, mikorosho imejaa kila upande, na katikati yake mihogo. Kitu kilichokosekana tangu zamani ni maji, kwani mvua ikinyesha huzama yote mchangani. Wanawake wa Kimakonde walikuwa wakishuka ukingo hadi mabondeni na kupanda na mitungi kichwani. Mradi mkubwa wa maji ulianzishwa miaka ya 1950, ukapunguza shida, lakini hata sasa utaona nyumba nyingi zimechimba shimo la kuhifadhia maji ya mvua. Udhu wa huko hauna israfu. Tuliwaona watoto wa chuo wakitawadha kwa kikombe kimoja na kukibakisha.

Ukingoni mwa mji pako mahali panapoitwa Shimo la Mungu. Ardhi hukatika ghafla, na chini yake liko bonde kubwa la kijani na kijivu, mpaka upande wa mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji. Mzee mmoja wa msikiti alitueleza kwamba jina hilo maana yake ni shimo ambalo binadamu hakulichimba. Maelezo mafupi, nayo yalitutosha.

Newala nayo ina sehemu yake katika habari tuliyoianza. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka watu. Na wamisheni waliosalia wakahamia Newala kwa muda, karibu na mkuu wa Wayao aliyeitwa Matola. Lakini dini iliyokuja kuenea sana juu ya uwanda ni Uislamu, hasa baada ya Maji Maji na baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Haukuletwa kwa upanga wala kwa fedha. Waliuleta walimu wa vijijini, wengi wao Wamakonde, Wayao na Wamwera wenyewe waliosoma Lindi, Kilwa au Mikindani, wakarudi kwao na juzuu moja mkononi. Wengine walijua Kiarabu kidogo sana. Tunawaheshimu.

Usiku wa Newala mazungumzo yalirudi pale pale pa kungoja, kwa sababu mama mmoja mjane alikuja kutushitakia mwanawe. Kijana huyo ana mikorosho ya urithi inayozidi mia, nayo ilikuwa imeanza kuchanua. Wakati huo ndio wa kupulizia salfa. Mwenye kuchelewa, ukungu huila maua, na mnada ukifika hana cha kupeleka. Kijana hakununua hata mfuko mmoja. Alikuwa amepelekewa katika simu yake sauti ya mtu asiyejulikana, aliyesema kwamba ishara zimetimia na Mahdi atatokea mwaka huu, na Masihi nyuma yake, basi mali ya nini? Siku nzima anakaa barazani na wenzake wakisikiliza.

Tulimwita. Alikuja na wenzake watatu, vijana wenye adabu na wenye kusali, na hilo ndilo lililotuhuzunisha, kwani mvivu angejulikana kuwa ni mvivu tu. Tukaona tuwahadithie ya nchi yao wenyewe kabla ya kuwatajia vitabu.

Mwaka 1905, katika nchi ya Wamatumbi kaskazini ya hapa, palikuwa na mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe. Watu walikuwa wamechoshwa na Wadachi, kwa kodi, na kwa kulimishwa pamba kwa kiboko. Kinjikitile akawapa dawa ya maji, na ikaaminiwa kwamba mwenye kuipata, risasi za Mdachi zitageuka maji, na kwamba jamaa waliokufa wamo njiani kurudi. Hakujiita Masihi, wala sisi hatumwiti hivyo. Lakini njaa ya nyoyo ilikuwa ile ile, ya kutaka mkombozi na siku yake ijulikane. Yeye mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, na vita vikaendelea bila yake. Wajumbe waliyachukua maji hayo hadi kusini, na mwishoni mwa Agosti misheni ya Masasi ikachomwa na wamisheni wakakimbilia pwani. Uwandani vita havikuwaka kama vilivyowaka mabondeni. Risasi hazikugeuka maji. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa baina ya 75,000 na 300,000, walio wengi si kwa risasi bali kwa njaa, kwa sababu Wadachi waliteketeza mashamba na maghala. Wazee wale walikuwa mashujaa, na dhulma waliyoipinga ilikuwa dhulma ya kweli. Kilichowaangamiza ni ahadi ya uongo iliyotiwa ndani ya haki yao.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, ilionekana Lindi barua moja. Ndani yake mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mhudumu wa kaburi la Mtume (s.a.w.), anadai kumwona Mtume katika ndoto na kuambiwa kwamba Kiyama kimekaribia, watu watubu, na barua inakiliwe na kupelekwa mbele. Ikaenea miji ya pwani na ya bara. Misikiti ilijaa, na serikali ya Wadachi ikashikwa na hofu kwamba ni Maji Maji ya pili, ikaanza kuwasaka walioipeleka. Lakini Kiyama hakikuja, na barua ile haikufa. Imezunguka ulimwengu wa Kiislamu miaka mingi kwa maneno karibu yale yale, mpaka Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, akaandika risala maalumu ya kuikadhibisha.

Kijana mmoja akaitoa simu yake, akatafuta kidogo, akatuonyesha. Ilikuwa hiyo hiyo, Sheikh Ahmad yule yule, imeandikwa kwa Kiswahili cha vijana na chini yake pameamrishwa ipelekwe kwa watu 20. Wenzake wakacheka, naye akacheka pia.

Tukawaambia kwamba si Waislamu peke yao waliopatwa na hayo. Mayahudi walimfuata Bar Kokhba, aliyewapiga Warumi baina ya mwaka 132 na 135, na mwanachuoni wao mkubwa Akiba akamkubali kuwa ndiye masihi. Mwisho wake walikatazwa hata kuingia Baitul Mukaddas. Mwaka 1665 akatokea Sabbatai Zevi wa Izmir, na watu wakaacha biashara zao na wengine wakauza mali ili wamfuate. Mwaka uliofuata aliletwa mbele ya Sultani Mehmed wa Nne, naye akasilimu. Sudani, Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, akaiteka Khartoum mwaka 1885, akafa mwaka huo huo na dunia ikabaki kama ilivyo.

Wakauliza pia habari za Jumuiya ya Ahmadiya, ambao masheikh wengi huwaita Makadiani. Hao huamini kwamba Nabii Isa alikufa kifo cha kawaida na kaburi lake liko Kashmir, na kwamba Masihi aliyeahidiwa ni Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India, aliyefariki mwaka 1908. Walituma mhubiri Afrika ya Mashariki mwaka 1934, na mwaka 1953 walitoa Nairobi tafsiri yao ya Kurani kwa Kiswahili. Kabla yake, mwaka 1923, alikwisha kutoa tafsiri Mwingereza Godfrey Dale, padri wa misheni ile ile ya Unguja iliyojenga Masasi. Mpaka Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipokamilisha yake mwaka 1969 ndipo Waislamu wa Kisunni walipopata msahafu mzima wenye tafsiri na maelezo kwa itikadi yao. Twawasifu Makadiani kwa bidii ya kuandika, ambayo sisi tulichelewa nayo. Lakini katika itikadi hatukubaliani nao, kwani mapokezi yetu yanamtaja mwana wa Maryamu kwa jina lake na la mama yake, wala si mtu mwingine anayefanana naye.

"Lakini, maalim," akasema yule kijana wa mikorosho, "na kama kweli ni mwaka huu?"

Tukamjibu kwamba Jibrili alipomwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya Saa, alijibiwa kuwa mwulizwa hajui zaidi ya mwulizaji, basi mwenye sauti hiyo katika simu kapata wapi elimu waliyokosa wawili hao? Tena imepokewa na Imamu Ahmad kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza: Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla haujafika wakati wake, na aupande. Mche huo wa hadithi ni mtende, na mtende huchukua miaka kuzaa. Mikorosho yako imekwisha kuchanua.

Akakaa kimya. Mama yake akasema kutoka ndani kwamba chamani bado kuna salfa, na kwamba jirani yuko tayari kuwakodisha mashine ya kupulizia wakiichukua kabla ya Ijumaa. Kijana akauliza bei. Ilikuwa kubwa kidogo, wakaanza kupatana na jirani huyo pale pale barazani, nasi tukaondoka kwenda kulala, kwani gari la Mtwara huondoka Newala mapema.